Harufu ya Mafuta ya Taa Kwenye Mvinyo wa Mgeni

Kwa miaka kumi na mmoja ulimi wangu ulikuwa mali ya kiwanda cha chai. Nasema bila aibu kwamba kutoka Fort Ternan mpaka Bomet hakukuwa na ulimi mwingine kama huo, na kama ulikuwako, basi mwenyewe alikuwa ameuficha. Kila asubuhi vikombe vyeupe vilipangwa kwenye meza ndefu chini ya dirisha, majani yakamwagiwa maji yanayochemka, yakafunikwa dakika sita, kisha mimi na mwonjaji mkuu tukapita tukivuta kila kikombe kwa kijiko. Kuvuta si kunywa. Unavuta kwa kelele mpaka chai inapanda puani, unaizungusha mdomoni, halafu unaitema kwenye ndoo ya magurudumu ambayo unaisukuma kwa goti. Waliotusikia kutoka nje walidhani tumefuga nguruwe wenye mafua. Siku ya kawaida nilionja vikombe mia mbili, na mwaka wa mvua nyingi nadhani niliionja Kenya nzima.

Ningeweza kukuambia chai imechunwa upande gani wa kilima, kama moto wa kukaushia ulizidi, na kama dereva wa lori alisimama njiani kula nyama choma. Hilo la mwisho watu hulibishia, lakini majani yaliyosubiri juani ndani ya magunia yana ladha yake, kama mboga ya jana, na yule dereva tulikuwa tunamjua.

Sisemi haya kujisifu. Sawa, najisifu kidogo. Lakini nataka ujue kwamba nilichokisema mezani kwa meneja nilikisema kwa ulimi wa kazi, nao haukudanganya hata chembe. Ulimi huohuo, bila kudanganya, ulikaribia kumtoa mzee wa watu kazini na kumharibia jina kanisani. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, lakini nikikumbuka nakasirika upya kana kwamba nimetukanwa leo asubuhi.

Meneja wa shamba letu alipata mgeni, mnunuzi wa chai kutoka Ulaya, mzungu mrefu mwenye nywele za rangi ya majani makavu. Alikuwa amemletea meneja zawadi ya chupa mbili za mvinyo mweupe wa kwao unaoitwa Riesling, na alitaka kuona mwonjaji wa chai atasema nini juu yake. Mwonjaji mkuu alikuwa anaumwa jino, shavu limevimba kama tunda la mparachichi, kwa hiyo nikaitwa mimi. Tena mimi nilikuwa na Kiingereza. Cheti changu cha kidato cha nne nilikipata kwa masomo ya jioni, katika darasa la shule ya msingi ambamo magoti yetu hayakuingia chini ya dawati, mimi na wachuna chai wawili, askari wa geti na mama mmoja wa mitumba. Kiingereza cha pale nilikivaa kama suti. Nilikivaa hata mahali ambapo shati lingetosha.

Basi Jumamosi saa saba mchana nikapanda kwenye nyumba ya meneja, ile ya vigae iliyokaa juu ya chai kama kofia. Meneja hakuwa mzungu, usikosee. Alikuwa mtoto wa mkulima kama mimi, amenyonya chai ya maziwa kama mimi, na ndiyo sababu hasira yangu haipoi.

Mpishi wa nyumba alikuwa mzee mwembamba wa upande wa Kapkatet. Alikuwa amewapikia mameneja watano mfululizo, na wanne wa kwanza walimkuta na wakamwacha. Alikuwa pia mzee wa kanisa letu, anakaa benchi la mbele, mimi nikikaa la nyuma karibu na mlango. Katika kanisa letu kileo hakina mjadala. Hunywi, huuzi, huonji, na chupa tupu ya pombe huwezi hata kuitilia maziwa. Mzee alimwambia kila meneja siku ya kwanza: "Nitafungua chupa, nitamimina, lakini kwa mdomo yangu haitaingia." Mameneja watano walikubali hivyo, na huyu wa tano alikuwa mmoja wao.

Chupa zenyewe zilikuwa nyembamba, za kijani, zenye shingo ndefu kama ya korongo. Moja mzee aliifungua akaimimina kwenye jagi la kioo, kwa sababu meneja alikuwa ameona mahali watu wakifanya hivyo, akaliweka ndani ya friji. Ya pili ilibaki na kizibo chake, kando ya jagi. Meneja alikuwa ameiwekea mkurugenzi wake.

Tulipomaliza kuku, mgeni akasema nionje kama ninavyoonja chai. Nikasimama, maana katika kazi yetu hakuna kuonja ukiwa umekaa. Nikaomba kijiko. Nikaomba chombo cha kutemea, meneja akanikata jicho, lakini mzee akaniletea karai dogo bila kuuliza. Nikavuta. Nilivuta vizuri siku hiyo, nadhani vioo vya dirisha vilitikisika, na mbwa wa meneja akatoka nje.

Rangi ilikuwa hafifu, kama chai iliyotiwa maji mara ya nne, yenye kijani kidogo pembeni. Nikainusa. Limau lilikuja mbele, nyuma yake tufaha bichi, halafu harufu ya jiwe la barabarani likianza kunyeshewa. Mdomoni hakukuwa na sukari hata ya kubebwa na sisimizi mmoja. Ulikuwa mkavu kabisa, na uchachu wake ulinivuta mashavu mpaka masikio yangu yakasalimiana. Lakini ulikuwa uchachu safi, mchangamfu, ule ambao kwenye chai tunautafuta na kuupa alama za juu, kwa sababu chai isiyouma ulimi ni maji yaliyovaa rangi. Na haukuondoka haraka. Nilitema, nikafuta mdomo, na ningeweza kutembea mpaka Soin na kurudi ukiwa bado umekaa kwenye ulimi unanisubiri.

Yote hayo nikayasema kwa Kiingereza, nikiwa nimevaa suti yangu kamili. Mgeni akaandika kwenye kijitabu, akiitikia kwa kichwa. Akaniuliza, je, hakuna kingine?

Kilikuwako kingine. Chini ya limau na lile jiwe kulikuwa na mafuta ya taa.

Hapa ndipo nilipokosea. Kwetu kasoro ya nyumba haisemwi mbele ya mgeni. Ukikuta unywele kwenye ugali unaukunja kwenye kiganja na unamsifu mama mwenye nyumba. Kwa hiyo nikamwambia mgeni hapana, ni hayo tu, halafu nikainama kwa meneja nikamnong'oneza kwa Kiswahili, kwa adabu zote nilizofundishwa na mama yangu: "Bwana meneja, iko harufu ya mafuta ya taa kidogo. Labda jagi."

Mgeni akatabasamu, akidhani tunasifu kuku.

Meneja akaomba radhi, akanishika mkono akanipeleka jikoni. Mzee alikuwa anaosha sufuria.

"Mzee, umeweka nini kwa hii mvinyo?"

"Mvinyo peke yake, bwana meneja."

"Na mafuta ya taa imetoka wapi?"

Mzee akapangusa mikono kwenye aproni. Kwenye ukuta wa stoo, juu ya mtungi wa mafuta ya taa, kulikuwa na faneli nyekundu ya kumiminia, inaning'inia. Meneja akaiona.

"Ulitumia hii."

"Hiyo ni ya stovu. Mimi nilimimina na mkono, pole pole, hata tone haikuanguka."

Meneja akarudi mezani akachukua jagi, akaliinua kwenye mwanga wa dirisha la jikoni. Sisi wenyewe tulikuwa tumeshamimina glasi tatu kutoka humo. Sijui kama alisahau au hakutaka kukumbuka.

"Na hii ingine imeenda wapi? Ulikunywa, ukaona imepungua, ukaongeza maji na chombo ya mafuta. Si ndiyo? Nyinyi watu wa kanisa ndio mnakunywa kuliko sisi. Tofauti ni mnajificha."

Nje ya dirisha mtunza bustani alikuwa anapunguza ua kwa mkasi. Mkasi ukanyamaza.

"Toa hiyo aproni," meneja akasema. "Jumatatu uende ofisi."

Mzee akaivua. Akaikunja mara mbili, kisha tena mara mbili, akaiweka juu ya meza na kuilaza kwa kiganja. Halafu hakumtazama meneja. Alinitazama mimi.

"Kijana wangu, wewe umeonja kweli?"

"Nimeonja, mzee."

"Na iko mafuta ya taa?"

"Iko."

"Basi mimi sijui," akasema.

Nimesikia matusi mengi maishani, mengine nilistahili, lakini hakuna lililoniuma kama hayo maneno matatu. Mzee aliyajua mikono yake kwa miaka yote hiyo, na bado aliuamini ulimi wangu kuliko mikono yake. Meneja akarudi kwa mgeni wake. Mimi nikabaki nimesimama katikati ya jiko kama mtu aliyekanyaga kifaranga cha jirani.

Nikaishusha ile faneli nikainusa. Mafuta ya faneli yalikuwa mafuta kweli, machafu, mazito, yenye moshi na kutu, yanayokupiga puani kama kofi. Yale ya kwenye mvinyo yalikuwa ya mbali, safi, yamekaa vizuri na limau kama watu waliooana zamani. Hayakuwa ndugu. Lakini kama hayakutoka stoo, yalitoka wapi?

Ndipo nikaona sotet ya mzee. Ilikuwa imening'inia nyuma ya mlango, kibuyu chake cha mursik, maziwa ya mgando aliyokuwa akija nayo kila siku kwa ajili ya chakula chake. Nikamkumbuka fundi mmoja wa mashine, mtu aliyehamia kwetu kutoka Nyeri, ambaye mwaka wake wa kwanza nilimkaribisha nyumbani na mke wangu akampa mursik. Akaonja. Akatazama ndani ya kikombe, akatazama dari, kisha akaninong'oneza kwa upole mkubwa kwamba kuna masizi kwenye maziwa, labda watoto hawakuosha kibuyu. Mke wangu alisikia, na mpaka leo yule fundi akija kwetu anapewa soda. Masizi hayo ndiyo kazi yenyewe, bwana. Mti wa senetwet unachomwa, kibuyu kinasuguliwa ndani kwa mkaa wake mpaka kinakuwa cheusi na kunukia, na ukiyaondoa masizi hayo umebaki na maziwa yaliyochacha tu, ya kumpa paka. Fundi alionja sawasawa. Alichokosea ni kudhani mtu amechafua.

Nikamfuata meneja nikamkuta koridoni anatafuta sigara.

"Bwana meneja, tufungue ile chupa ya pili. Kama iko harufu ileile, mzee hana makosa."

"Ile ni ya mkurugenzi."

"Basi nimuulize mgeni."

"Usithubutu kuniaibisha mbele ya mgeni. Umemaliza kazi, kunywa chai uende."

Nikaenda. Nilienda sebuleni. Nikasimama mbele ya mgeni, nikafunga vifungo vyote vya Kiingereza changu, nikamuuliza: bwana, harufu ya mafuta ya taa iliyo kwenye mvinyo wako, mmekuja nayo kutoka kwenu, ama tumeiongeza sisi hapa? Nyuma yangu meneja alikuwa anakohoa kama lori la magogo likipanda mlima wa Kericho.

Mgeni akaruka kutoka kwenye kiti. Akanishika mkono kwa mikono miwili akautikisa mpaka bega likalia. Akasema huo ndio Riesling wenyewe, kwamba ukikaa miaka kwenye chupa hutoa harufu hiyo bila kuongezewa kitu, na wanaoujua huitafuta. Akasema alinisubiri niitaje, na niliposema hakuna kingine alisikitika kidogo, akadhani nimeikosa. Kisha, bila kumuuliza mtu, akaenda kwenye friji, akafungua chupa ya mkurugenzi na kutumiminia. Kizibo kilikuwa kizima, kikavu juu, hakijaguswa na mtu wa nyumba ile. Nikavuta. Limau, tufaha, jiwe, na kule chini mafuta ya taa, yametulia.

Huo sikuutema. Nakiri hapa kama nilivyokiri baadaye. Nilikuwa nimefurahi, karai lilikuwa mbali, na ulishuka wenyewe.

Sasa ungetegemea nini? Mimi nilitegemea meneja aende jikoni, aichukue aproni kwa mikono yake na kusema, mzee, nimekukosea. Maneno mawili tu. Yeye akacheka. Akapiga makofi kuelekea jikoni: "Kumbe! Mzee, lete chai."

Mzee akaja mpaka mlangoni bila aproni. Nilikuwa sijawahi kumwona bila aproni ndani ya nyumba ile, alionekana mdogo.

"Bwana meneja, mimi nilikunywa ama sikunywa?"

"Hayo yameisha, mzee."

"Haijaisha. Nilikunywa ama sikunywa?"

"Wacha hayo. Mgeni anangoja chai."

Mgeni akauliza mzee anasema nini. Na meneja, mtoto wa mkulima kama mimi, akamjibu kwa Kiingereza laini kwamba mpishi anauliza kama tunataka sukari.

Nilikuwa na Kiingereza cha kutosha kukanusha. Nilikuwa nacho, na cheti ninacho. Lakini ujasiri wangu wote nilikuwa nimeumaliza kwenye lile swali la kwanza, na nikabaki nikitazama glasi. Kwa hiyo ninapomkasirikia meneja, kuna sehemu ya hasira hiyo inayobaki nyumbani kwangu. Mzee alitusubiri kidogo. Kisha akarudi jikoni, akaifunua aproni mwenyewe, akaivaa, akaleta chai, maana mgeni hana makosa.

Mtunza bustani alikuwa amesikia nusu ya kwanza ya mambo. Nusu ya pili ilitokea sebuleni ambako hakuna ua wa kupunguza. Kabla ya jua kushuka, nusu yake ilikuwa imefika Kapkatet: mzee wa kanisa anakunywa mvinyo wa mzungu na kujazia mafuta ya taa. Jumapili asubuhi ilikuwa imeshakuwa debe zima, na wengine walidai wamemwona akiyumba. Wazee wenzake wakamwomba akae benchi la kawaida mpaka jambo lijulikane. Mchungaji akamwandikia meneja barua ya heshima, akimwomba aseme kweli. Meneja akajibu kwa mdomo, kupitia askari wa geti, kwamba mambo ya kanisa hayamhusu.

Hayamhusu! Mtu anamtupia mzee tope usoni halafu anasema maji si kazi yake.

Basi Jumapili iliyofuata nikasimama mimi. Nilitoka benchi la nyuma mpaka mbele, safari niliyokuwa sijaifanya tangu nibatizwe, nikawaeleza watu wasiokunywa kileo habari za mvinyo mkavu wa Riesling. Limau na tufaha nilizipitia haraka. Nilipofika kwenye mafuta ya taa niliona nyuso zimefunga, hapo nikawatajia sotet. Nikasema, mgeni akija kwako akaonja mursik akasema kuna masizi, utamfukuza aliyeosha kibuyu? Upande wa akina mama wakacheka mpaka watoto wakaamka. Kila mmoja pale alikuwa na fundi wake wa Nyeri. Mchungaji hakuhitaji kuongeza neno. Mzee akaambiwa apande, akapanda, akakaa benchi la mbele akitazama sakafu.

Ningekaa hapo hapo ingekuwa vizuri. Lakini kogo mmoja, bibi kizee wa benchi la pili, aliinua mkono.

"Kijana, umesema ulionja chupa mbili."

"Ndiyo, kogo."

"Na kazi yenu ni kutema."

"Ndiyo, kogo."

"Ulitema zote mbili?"

Ningesema ndiyo ningemaliza. Lakini nilikuwa nimesimama pale kutetea ukweli wa ulimi wangu, na mzee alikuwa ameinua macho ananitazama kama alivyonitazama jikoni.

"Ya kwanza nilitema, kogo. Ya pili ilishuka."

Nikatengwa miezi mitatu. Meza ya Bwana ikanipita, nikaondolewa kwenye kamati ya kuezeka paa, na harusi ya binamu yangu nikakatazwa kusimamia. Meneja aliyemtukana mzee hakupoteza hata usingizi, mwaka uliofuata alipandishwa akapelekwa shamba kubwa zaidi, tukachangishwa kumfanyia karamu ya kumuaga. Mimi niliyesema kweli mara tatu, mezani, sebuleni na kanisani, ndiye niliyeadhibiwa. Nitafutie mahakama nikate rufaa, mpaka leo naitafuta.

Lakini Jumapili ya kwanza ya kutengwa kwangu, mzee ndiye aliyebeba sinia la vikombe vidogo vya maji ya zabibu. Alifika benchi langu akanipita kama sheria inavyotaka, uso umekauka kama Riesling. Ibada ilipoisha nikamkuta nje, karibu na ukuta, na sotet yake. Akamimina kwenye kifuniko akanipa.

"Onja."

Nikavuta kwa kelele, kikazi.

"Iko nini ndani?"

"Iko mkaa, mzee."

"Ni yake, ama mtu ameongeza?"

"Ni yake."

Akaitikia kwa kichwa, akasubiri aone kama nitageuka kutafuta mahali pa kutemea. Hiyo nilimeza yote.